Kuthibitisha, kuhakiki, kubaini: vitenzi vya Kiingereza na maneno yanayoandamana navyo

Anayetafsiri habari za kimataifa kwenda Kiswahili hukutana mara kwa mara na sentensi ya aina hii, ambayo nimeitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wa mashirika ya habari: "The agency could not independently verify the video, but two residents confirmed the location." Mara nyingi tafsiri yake husomeka hivi: "Shirika halikuweza kuthibitisha video hiyo kwa njia huru, lakini wakazi wawili walithibitisha mahali iliporekodiwa." Sarufi ya tafsiri hiyo ni safi na msomaji ataielewa, lakini kuna jambo limepotea njiani. Katika Kiingereza, shirika na wakazi wale hawakuwa wakifanya kazi moja. Shirika lilitaka kuilinganisha video na ushahidi mwingine, kama vile picha za setilaiti, majengo yanayoonekana nyuma ya wahusika, hali ya hewa ya siku hiyo, au tarehe iliyomo ndani ya faili lenyewe, na likashindwa. Wakazi, kwa upande wao, hawakulinganisha chochote. Waliulizwa kama hapo ndipo, nao, kwa kuwa wanapafahamu, wakajibu kuwa ndipo. Vitendo viwili tofauti vimepewa kitenzi kimoja, na msomaji wa Kiswahili amenyimwa kujua ni kipi kilifanyika na ni kipi kilishindikana.

Kwa kuwa kutafsiri na kuhariri ndiyo kazi yangu, nimekuwa nikifuatilia kwa muda mrefu vitenzi vya Kiingereza vinavyohusu kutafuta au kuonyesha ukweli wa jambo, yaani "confirm", "verify", "ascertain" na "establish", pamoja na maneno yanayopenda kuandamana navyo. Kamusi za lugha mbili hazitusaidii sana hapa, kwa sababu karibu vyote huishia kwenye "thibitisha". Tofauti zake hazionekani ukikitazama kitenzi kikiwa peke yake. Huonekana ukitazama majina yanayokifuata. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alilisema hilo mwaka 1957 alipoandika kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na kuanzia mwaka 1980 John Sinclair na wenzake katika Chuo Kikuu cha Birmingham walilifanyia kazi kwa kukusanya mamilioni ya maneno ya matini halisi ndani ya kompyuta, wakachunguza ni maneno gani hukaa jirani na mengine mara nyingi kuliko inavyoweza kutokea kwa bahati.

Ukiyapanga majina hayo, kuna jambo linalojitokeza ambalo mimi naliona ndilo kiini cha suala lote: kila kimoja cha vitenzi hivi kinadai kwamba kuna hali fulani iliyokitangulia.

Tuanze na "confirm". Waingereza husema "confirm a booking", "confirm an appointment", "confirm receipt", "confirm a diagnosis", "confirm suspicions", na ule msemo wao mashuhuri "confirm my worst fears". Chumba kilikwisha kuwekwa nafasi. Miadi ilikwisha kupangwa. Daktari alikwisha kushuku ugonjwa. Hofu ilikuwamo moyoni tangu mwanzo. Kitenzi hakileti jambo jipya, kinalikuta jambo lililopo nusu na kulifanya limalizike. Ndiyo sababu kinapatana na vielezi kama "officially" na "finally", na ndiyo sababu pia mtu anayekifanya kitendo hicho huwa ni mwenye mamlaka ya kulisemea jambo lenyewe: hoteli, daktari, msemaji wa polisi, familia ya marehemu.

Mfano wa karibu ni wa Kagera. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuna wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na virusi vya Marburg katika mkoa huo; serikali ya Tanzania ikasema vipimo vilivyokuwa vimefanyika havikuonyesha ugonjwa huo; kisha tarehe 20 Januari, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amepatikana na virusi hivyo. Vichwa vya habari vya Kiingereza vilitumia "confirms", na wala havikuwa na kitenzi kingine cha kuchagua. Katika taaluma ya magonjwa ya mlipuko mgonjwa hupandishwa ngazi, kutoka anayeshukiwa hadi aliyethibitishwa na maabara, na "confirmed case" ndilo jina la ngazi ya juu. "Verified case" haisemwi. Kiswahili hapa hakina tatizo lolote, kwa sababu "mgonjwa aliyethibitishwa" inabeba maana ileile: shaka ilikuwapo, sasa imeondoka.

Kwa sababu hiyohiyo, kinyume cha "confirm" ni "deny". Mwenye jambo ama analikubali ama analikanusha. Mwaka 1974 Marekani ilitumia meli iitwayo Hughes Glomar Explorer kuinua kwa siri sehemu ya nyambizi ya Kisovieti kutoka sakafu ya bahari ya Pasifiki, na mwandishi wa habari Harriet Ann Phillippi alipodai nyaraka zinazohusu juhudi za kuificha habari hiyo, shirika la ujasusi CIA lilijibu kwamba haliwezi kuthibitisha wala kukanusha kuwapo kwa nyaraka hizo. Kesi yake iliamuliwa mwaka 1976, na hadi leo majibu ya aina hiyo huitwa kwa jina la meli ile. Jozi "confirm or deny" imeshikamana kiasi kwamba ukisikia nusu yake unaingoja nusu ya pili, na Kiswahili cha habari nacho kimejipatia jozi yake, "kuthibitisha wala kukanusha". Lakini hakuna anayesema "verify or deny", kwa kuwa anayehakiki si mwenye jambo na hana cha kukanusha.

"Verify" hutaka kitu cha namna nyingine kiwe kimetangulia, yaani dai lililotolewa na mtu. Husemwa "verify a claim", "verify someone's identity", "verify a signature", "verify an address", "verify the accuracy of the figures". Kuna mtu amesema yeye ni fulani, anaishi mahali fulani, sahihi hii ni yake, hesabu hizi ni kamili. Mwingine anachukua maneno hayo na kuyaweka kando ya kitu ambacho msemaji hakukitengeneza. Kielezi kinachokifuata kitenzi hiki kwa uaminifu mkubwa ni "independently", na maana yake ni ileile: kigezo cha kulinganishia kisitoke mikononi mwa mtoa dai. Ronald Reagan alipotia saini mkataba wa makombora ya masafa ya kati pamoja na Mikhail Gorbachev mjini Washington tarehe 8 Desemba 1987, alirudia methali ya Kirusi aliyoipenda, ambayo kwa Kiingereza ni "trust, but verify". Methali hiyo ingeharibika kwa "confirm". Mkataba ule uliruhusu wakaguzi wa kila upande kwenda kuona kwa macho yao makombora ya upande wa pili yakiteketezwa, na huko kwenda kuona ndiko "verify" inakotaja.

Tunalo neno la jambo hili, na ni zuri: kuhakiki. Kwa nasaba pia vitenzi hivi vinalingana kwa namna inayonifurahisha sana. "Verify" imetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kweli, na "hakiki" ni ndugu wa haki na hakika. "Confirm" imetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya imara, na "thibitisha" ni ndugu wa thabiti. Lugha mbili zisizo na undugu zimeweka tofauti ileile mahali palepale, ya kweli upande mmoja na uimara upande mwingine, na sisi watafsiri tumeiacha ipotee kwa uvivu wa kuchukua neno la kwanza linalotujia.

Wapo wanaoiogopa "hakiki" kwa sababu shuleni tuliizoea katika uhakiki wa fasihi, na wanadhani msomaji ataanza kufikiria riwaya na tamthilia. Hofu hiyo haina msingi tena, angalau Tanzania. Mwaka 2017 serikali ilifanya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma mwezi Aprili mwaka huo ilitaja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Nchi nzima ilijifunza neno kwa siku chache. Kazi iliyofanyika ilikuwa "verify" halisi: cheti alichowasilisha mtumishi kilisomwa kando ya kumbukumbu za baraza la mitihani. Kitu pekee cha kuchunga ni "hakikisha", ambayo imetoka katika mzizi uleule lakini ina kazi nyingine. Tangazo linalosema "hakiki taarifa zako" linamtaka mtu asome taarifa zilizokwisha kuandikwa aone kama ni sahihi. Linalosema "hakikisha taarifa zako ni sahihi" linamtwika wajibu wa kufanya usahihi huo uwepo, na hiyo kwa Kiingereza ni "ensure" au "make sure".

Mahali ambapo tofauti ya "verify" na "confirm" imegusa maisha ya wasemaji wengi wa Kiswahili kuliko pengine popote ni katika mahakama za Kenya. Ibara ya 138 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba baada ya kura za urais kuhesabiwa vituoni, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka itafanya mambo mawili kabla ya kutangaza matokeo: "tally and verify the count". Vitenzi viwili na jina moja. Chini ya Katiba hiyo palikuwa na sheria na kanuni za uchaguzi zilizosema kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa na msimamizi wa uchaguzi katika eneo bunge ni ya muda, na kwamba yanasubiri "confirmation" ya tume. Maina Kiai na wenzake wawili walikwenda mahakamani kuvipinga vifungu hivyo. Mahakama Kuu ilikubaliana nao mwezi Aprili 2017, na Mahakama ya Rufaa ikashikilia uamuzi huo tarehe 23 Juni: matokeo ya eneo bunge ni ya mwisho, na makao makuu ya tume hayana uwezo wa kuyabadilisha.

Mtu anayeusoma uamuzi huo kwa jicho la lugha huona kwamba mantiki yake ni ileile iliyomo katika maneno yanayoandamana na vitenzi hivi. Ukisema matokeo yanahitaji "confirmation", umeyaweka kundi moja na nafasi ya hoteli ambayo haijathibitishwa: yapo nusu, na mwenye mamlaka anaweza kuyamalizia au kuyaacha yaanguke. Ukisema yanahitaji kufanyiwa "verify", umekiri kwamba ni kauli kamili iliyotolewa na mwenye kuitoa, na kilichobaki ni kuisoma kando ya waraka mwingine. Waraka wenyewe unajulikana: Fomu 34A hujazwa katika kila kituo cha kupigia kura, Fomu 34B hukusanya vituo vya eneo bunge zima, na Fomu 34C hujumlisha nchi. Kuhakiki ni kuiweka 34B kando ya 34A na kuona kama tarakimu zinalingana. Anayehakiki haruhusiwi kushika kalamu na kurekebisha.

Wiki chache baadaye suala hilo lilirudi kwa uzito mkubwa zaidi. Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kwamba matokeo yalitangazwa kabla tume haijapokea Fomu 34A zote. Kwa lugha ya kawaida, kilichotangazwa hakikuwa kimehakikiwa, kwa kuwa huwezi kulinganisha na karatasi ambayo hunayo. Kisha mwaka 2022, makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo, mahakama hiyohiyo iliushikilia ushindi uliotangazwa lakini ikasema wazi, tarehe 5 Septemba, kwamba uwezo wa kujumlisha na kuhakiki ni wa tume nzima na si wa mwenyekiti peke yake. Nawasihi wanaotafsiri nyaraka za uchaguzi waliweke hilo akilini. Sentensi ya Kiswahili inayosema mwenyekiti "anathibitisha" matokeo inampa, bila mwandishi kukusudia, uwezo uleule ambao mahakama ilikataa kuutambua.

Kitenzi cha tatu, "ascertain", hakijulikani sana miongoni mwa wanafunzi wetu, na wengi hukikwepa kwa sababu kina harufu ya ofisi na mahakama. Majina yanayokifuata ni "the cause", "the extent of the damage", "the whereabouts", "the facts", na mara nyingi zaidi kinafuatwa na sentensi nzima inayoanza na "whether" au "what". Haya yote ni mambo yasiyojulikana. Hakuna aliyedai kitu, hakuna hata shaka iliyokwisha kuumbika. Kuna pengo, na mtu anatumwa kwenda kulijaza. Jirani yake ni "establish", ambayo hupenda kukaa na "the cause of death", "a motive", "a link", "the truth". Tofauti kati ya hivi viwili ni ndogo lakini ipo: anayefanya "ascertain" anatafuta kujua yeye mwenyewe, na anayefanya "establish" anataka jambo lisimame mbele ya watu wengine kiasi kwamba watalikubali.

Wanahabari wetu wamekwisha kuvipatia vitenzi hivi majibu, ingawa sidhani kama walikaa chini kuyabuni. Polisi wa Tanzania anapozungumza na waandishi husema "uchunguzi unaendelea ili kubaini chanzo cha moto", na hiyo ndiyo "establish the cause" bila kupungua hata tone. Afisa wa serikali aliyetumwa kukagua mradi husema "nimekuja kujiridhisha kama kazi inaendana na thamani ya fedha", na "kujiridhisha kama" ndiyo "ascertain whether" kwa ukamilifu wake, kwa sababu inamtaja mtu anayetafuta kutuliza shaka yake mwenyewe kabla hajaamua. Kuna wahariri wanaoiondoa "kujiridhisha" katika maandishi rasmi wakidhani ni lugha ya mikutano ya hadhara. Mimi naiacha, na ningependa wengine waiache, kwa sababu hatuna neno lingine linalofanya kazi hiyo kwa usahihi huo.

Vitenzi vingine vya ukoo huu havinisumbui. "Corroborate" hukaa na ushahidi na shahidi, na mahakama zetu zina "ushahidi wa kuunga mkono". "Validate" imehamia zaidi kwenye tiketi, vipimo vya utafiti na programu za kompyuta. "Double-check" ni kuangalia tena tu, na mtu asiivalishe neno kubwa.

Kinachonisumbua, na ambacho bado nakifanyia kazi, ni mahali ambapo Kiingereza chenyewe kinavunja mpaka nilioueleza. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya Tanzania, Sura ya 33, katika Amri ya VI kanuni ya 15, inataka kila hati ya madai na ya utetezi iwe "verified at the foot", yaani chini kabisa, na mwenye kesi. Kanuni hiyo ilirithiwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1908. Inamtaka mhusika aonyeshe, kwa kutaja namba za aya, ni yapi anayafanyia "verify" kwa kuyajua yeye mwenyewe na ni yapi kwa kuambiwa na kuamini kuwa ni ya kweli, kisha atie sahihi na kuandika tarehe na mahali. Hapa hakuna kulinganisha wala mtu wa nje. Mtoa dai ndiye anayehakiki dai lake, jambo ambalo kwa maana ya kawaida ya neno haliwezekani.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania, aya hiyo inapaswa kuandikwa kwa Kiswahili, na mtafsiri anayefuata mazoea ya kuigeuza "verify" kuwa "hakiki" atamfanya mdai atamke kwamba amezikagua kauli zake mwenyewe na kuziona ziko sawa. Kitendo anachokifanya kwa kweli ni kingine: anazishika kauli zake na kuzifanya imara kwa sahihi yake, akijua kwamba atawajibika zikionekana kuwa za uongo. Hiyo ni kuthibitisha. Kwa hiyo hapo mimi huandika: "Nathibitisha kwamba yaliyoelezwa katika aya ya 1 hadi ya 6 ni ya kweli kwa kadiri ninavyoyajua mimi mwenyewe, na kwamba yaliyoelezwa katika aya ya 7 na ya 8 nimeyapata kutoka kwa wakili wangu, nami ninaamini kuwa ni ya kweli." Vitenzi "kujua", "kupata" na "kuamini" vikikaa kila kimoja mahali pake ndani ya sentensi hiyo, jaji anaweza kuona ni aya zipi mdai anaweza kuhojiwa kama shahidi aliyeona, na ni zipi zinahitaji kuitwa mtu mwingine.